Kwa wanangu mlioanza nyumba juzi, Ujiji hadi Kibirizi: kabla ya kununua dagaa, tazameni mwezi

Wanangu,

Kwenye ile harusi ya mwezi uliopita niliwasikia mkinong'onezana kwamba hela ya matumizi haifiki katikati ya mwezi. Nilinyamaza, harusini si mahali pake. Lakini nimekaa Kibirizi, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, na dagaa mbele yangu zaidi ya miaka ishirini, na aliyewahi kuuza anajua hela ya mnunuzi inapotelea. Siwaandikii mle kidogo. Kuleni mshibe.

Nianze na dagaa. Wavuvi wetu huvua usiku kwa taa, na dagaa huufuata mwanga. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima linang'aa, taa haina tena cha kuvutia, mitumbwi inapumzika siku kadhaa. Hapo bei inapanda. Na hapo ndipo ninapowaona mkikimbilia sokoni, eti mshahara umeingia. Mwezi wa mshahara na mwezi wa angani hawajuani, wanangu. Nunueni wakati wa giza, mitumbwi inaporudi imejaa, mnunue wa kuwatosha mpaka giza jingine. Dagaa aliyekauka vizuri hana haraka ya kuharibika.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Waliokuwa na gunia ndani walikula. Wengine walinunua kwa bei ya aliyeweka akiba, na mimi sikumlaumu aliyeweka. Kwa hiyo Aprili ikifika, ulizeni mapema kama ziwa litafungwa.

Kukagua ni hivi: vunja mmoja. Akikatika kwa mlio, amekauka. Akijikunja, unalipia maji na wiki ijayo utakuta ukungu. Kisha chota kiganja, pepeta kwenye ungo. Walioanikwa chini huja na mchanga, wa kwenye vichanja huwa safi. Mchanga una uzito na hauliwi.

Sasa niseme la aibu. Sado, lile kopo tunalopimia, lina siri zake. Wapo wanaolibonyeza kitako likaingia ndani. Mimi hilo sikulifanya. Lakini kumwaga dagaa polepole wakae juu juu, sado lionekane limefurika, nilifanya, tena mara nyingi. Basi mkinunua, pigeni sado mara mbili na kiganja, mtazame linavyoshuka, ndipo mdai nyongeza. Muuzaji akinuna, mwacheni anune. Penye mizani, nunueni kwa kilo.

Mafuta ndiyo yanayoniuma zaidi, maana mawese yanatoka hapa hapa kwetu na bado mnayanunua kwa kikopo kila jioni. Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme kikopo cha robo lita ni shilingi 1,500. Lita nne ni vikopo 16, yaani shilingi 24,000. Dumu la lita 20 tuseme ni shilingi 84,000. Nyumba tano zikichangia shilingi 16,800 kila moja, kila nyumba inaondoka na lita nne zile zile, na shilingi 7,200 imebaki kwenye kanga. Najua mtasema 16,800 kwa mkupuo hamna. Mbona mchezo wa kuchanga na kupokezana hela mnacheza, na hela inaishia kwenye sare za harusi? Mzunguko mmoja tu uwe wa mafuta. Mgawane siku hiyo hiyo, wote mkiwepo, kwa chombo kimoja. Dumu likilala kwa mmoja, urafiki umekwisha.

Maharage ya Kasulu nunueni baada ya mavuno, lakini msifanye kama mimi. Mwaka mmoja nilipata debe mbili kwa bei nzuri, nikazifunga kwenye gunia bila kuzianika tena juani. Baada ya miezi mitatu nilifungua nikakuta yamebunguliwa, vumbi tupu, wadudu wanatembea juu kama wenye nyumba. Anikeni kwanza, kisha tumieni ile mifuko ya matabaka matatu, mkifunga kila tabaka peke yake mpaka hewa isipite. Mdudu akikosa hewa hufa. Msifungue kila siku kuchungulia.

Nyanya na vitunguu siviongelei, hivyo mnavijua kunishinda. Na daftari la dukani, yule mwenye duka ni mtu mwema, lakini mwenye deni habishani na bei.

Walio tayari kwa dumu la kwanza waje kwangu Jumamosi asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Kila mmoja aje na kidumu chake kimeoshwa na kukauka kabisa, kisiwe na tone la maji. Kipimo ninacho, na kitako chake hakijabonyezwa.

Mama yenu wa Ujiji