Kifuu cha Nazi na Ndege wa Toronto: Barua kwa Mwanangu

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, ila joto la kaskazi mwaka huu halina huruma. Usiku dada yako alinionyesha video uliyotuma: wajukuu zangu jikoni, theluji imejaa dirishani, wanapaka siagi ya njugu kwenye matunda ya msonobari na kuyagaragaza kwenye mbegu za alizeti ili wawatundikie ndege. Nimeitazama mara tano. Mume wangu yule mdogo alivyolishika lile tunda kwa vidole vyote kumi, ulimi nje, ni marehemu baba yako mtupu akitunga uzi sindanoni.

Basi nikaona kwenye meza kuna nazi. Kifuu chake usikitupe, mwanangu. Ipasue kwa mgongo wa kisu ukiizungusha mkononi, kama nilivyokufunza. Kati ya yale macho matatu, moja ni laini. Hilo litoboe kwa msumari, pitisha kamba, fundo libaki ndani. Yeyusha mafuta ya ng'ombe yasiyo na chumvi, changanya na mbegu, jaza kifuu, kiweke nje kigande. Kikishaganda kitundikeni mdomo chini. Ndege wadogo watashika ukingo na kudonoa kwa chini, na wale wakubwa hawatapata pa kusimama. Watoto wafanye wenyewe, hata wakimwaga.

Nazi mbichi wape. Ile kavu ya pakiti usiwape kabisa, hufura matumboni mwao. Njugu za chumvi pia hapana. Kifuu kitundike karibu sana na kioo cha dirisha, isizidi mita moja, au mbali kabisa, mita tisa na zaidi. Hapo katikati ndipo ndege anaporuka kwa kasi akajigonga akafa. Na kila wiki mbili kioshwe kwa maji ya moto kikauke, maana ndege wakila kwenye chombo kimoja kichafu huambukizana maradhi.

Yule kindege wa kofia nyeusi aliyeonekana kwenye video, dada yako amenisomea habari zake. Uzito wake ni kama gramu 11, vijiko vitatu vya chai vya sukari. Usiku wenu wa Desemba ni saa kumi na tano, na usiku kucha anatetemeka apate joto, akichoma mafuta aliyoyaweka mwilini mchana. Kile anachokula kwenye kifuu jioni ndiyo daku yake. Niliposikia hivyo, usingizi ukaniruka.

Sasa nikwambie jambo nililokuficha. Unakumbuka kile kifuu cha chenga za mchele tulichokifunga roshani, ulipokuwa na miaka sita? Kwanza wakaja shomoro, halafu tetere wawili wakajenga kiota juu ya boriti, wakaangua. Ukawa unaamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwatazama. Asubuhi moja ukakuta kiota kitupu, nikakwambia wameota mbawa wameruka. Hawakuruka, mwanangu. Kunguru walizifuata zile chenga, wakakiona kiota, wakawala makinda. Ni hawa kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja miaka ya 1890, wakaenea mpaka kwetu. Nilifagia manyoya ungali umelala. Tangu siku ile roshani sikuweka chakula tena. Naweka maji tu, bakuli la udongo, nayabadilisha kila asubuhi, na shore huja kuoga.

Ndiyo maana nasema kwanza muwe mnaangalia nani anakuja kula. Muwekee mume wangu kiti dirishani, akae nawe, msizungumze. Mkiona mkubwa anawafukuza wadogo, kihamisheni kifuu.

Shangazi yako anasafiri kuja huko mwezi ujao. Nimempa dhiraa nne za kamba ya usumba, niliisokota mwenyewe. Ukiipokea, ikate vipande viwili, mtundike vifuu viwili, kila mtoto na chake.

Mama yako

Nyongeza: Waambie wajukuu kuwa mbayuwayu waliokimbia baridi ya Ulaya wamejaa hapa, jioni wanazunguka juu ya Ngome ya Yesu.