Jiwe la mwambani lirudishwe lilivyokuwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo moja ambalo makala yenu kuhusu kutembelea mwamba wa matumbawe wakati wa maji kupwa hayakuligusa. Mwandishi aliwahimiza wasomaji kugeuza mawe ili waone viumbe vilivyojificha chini yake, na katika hilo namuunga mkono, kwa kuwa kwa mtu asiyejua kupiga mbizi hakuna mahali pa mwambani penye mambo mengi ya kuona kama uvungu wa jiwe. Hakusema, hata hivyo, kwamba jiwe hilo ni lazima lirudishwe, tena kwa upande uleule liliolalia.

Nimekuwa nikishuka mwambani kwa miaka mingi, na karibu kila bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, nakuta mawe yaliyoachwa chali na watu walionitangulia. Upande wa juu wa jiwe huota mwani, ambao hauwezi kuishi bila mwanga. Upande wa chini hushikwa na sifongo, mayai ya konokono na ya samaki, minyoo wa baharini, na viti vya pweza, wanyama wenye umbo la nyota, wenye mikono myembamba kama uzi ambao hulikimbia jua mara tu linapowapiga. Sifongo na mayai hayana pa kukimbilia. Yakiachwa juani hukauka kabla maji hayajarudi, na mwani uliogeuzwa chini nao huoza gizani katika siku zinazofuata, hata jiwe likabaki tupu pande zote mbili.

Tena tunawafikia wanyama hawa katika saa zao ngumu kuliko zote. Maji hukupwa sana siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, jua na mwezi vinapoivuta bahari kwa pamoja, na ndizo siku ambazo watu wengi hushuka. Vidimbwi vinavyobaki hupata joto, chumvi yake huzidi kadiri maji yanavyogeuka mvuke, na matumbawe yaliyo wazi hujipaka ute ili yasikauke. Mnyama aliyekwisha kuvumilia hayo yote hana nguvu ya ziada ya kuvumilia na mikono yetu. Jongoo bahari ni mfano mzuri: watoto hupenda kumwinua na kumminya, lakini wapo jongoo ambao wakisumbuliwa hutoa matumbo yao nje, na ingawa huota mengine, kazi hiyo huwachukua wiki kadhaa.

Nasisitiza kwamba mawe ninayoyazungumzia ni yale yaliyolala huru, yasiyoshikamana na mwamba. Tumbawe hai halipaswi kugeuzwa wala kukanyagwa hata kidogo, maana si jiwe bali ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa. Aina zenye umbo la duara mara nyingi hukua kwa takriban sentimita 1 tu kwa mwaka, hivyo tumbawe lenye ukubwa wa mpira wa miguu huenda lilianza kukua kabla ya kuzaliwa kwa mtoto anayelikanyaga. Anayetembea apite penye mchanga, akivaa viatu vyenye soli nene.

Yapo pia mambo ya usalama. Vidole visipenyezwe chini ya jiwe bila kuona, kwa sababu mkunga, samaki mrefu kama nyoka, hulala humo na meno yake ni makali, na yupo samaki anayefanana kabisa na jiwe ambaye mgongo wake una miiba 13 yenye sumu. Konokono wenye makombe mazuri ya umbo la pia (koni) wasiokotwe, kwani baadhi yao wana sumu inayoweza kumuua mtu. Hata kombe tupu ni bora likaachwa, maana kuna kaa mwenye tumbo laini ambaye hana kinga nyingine ila kuhamia katika kombe lililoachwa na konokono.

Kwa maoni yangu, anayetaka kuona mengi ageuze mawe machache sana. Achague kidimbwi kimoja, achuchumae pasipo kutupa kivuli chake juu ya maji, kisha atulie kwa dakika kumi. Akiona rundo la makombe na magamba ya kaa mbele ya tundu, huenda hapo ndipo nyumbani kwa pweza, na akisubiri kimya anaweza kumwona akichungulia kwa jicho moja. Mimi mwenyewe sijaona furaha mwambani inayoishinda hiyo.

Naomba basi mwandishi wenu, atakaporejea mada hii, aeleze namna ya kurudisha jiwe. Jiwe liinuliwe taratibu na kutazamwa kwa muda mfupi. Kabla ya kulishusha, kaa na samaki wadogo waliobaki chini yake wasogezwe kando kwa upole, kisha lilazwe palepale lilipokuwa, na wanyama hao wawekwe ukingoni mwake ili waingie wenyewe bila kupondwa.

Msomaji wenu wa siku nyingi