Barua kutoka Iowa City: safari hii tufunge

Iowa City, 18 Agosti 2024

Baba Furaha, ndugu yangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo Kigoma. Sisi wazima. Juzi uliniuliza kwa nini picha yangu ya WhatsApp imekuwa kichwa cha mwewe. Ile njano isikufurahishe, si Yanga. Ni Hawkeyes, timu ya chuo kikuu cha hapa, wanacheza ule mpira wa Kimarekani wa kuangushana.

Usicheke. Uwanja wao, Kinnick, unachukua watu karibu 70,000, na uko pua na mdomo na hospitali ya watoto ninakosukuma toroli za chakula. Robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima unageuka na kuwapungia mkono watoto waliosimama madirishani huku juu. Mara ya kwanza nilikuwa nimeshika trei ya supu. Mtoto mmoja mwenye dripu mkononi akaniambia, na wewe punga. Nikaiweka trei chini, nikapunga. Nimekuwa wao tangu siku hiyo.

Sasa sikia mateso yetu. Msimu uliopita, kati ya timu 133 za daraja la juu la vyuo, ushambuliaji wetu ulishika mkia kwa yadi za kusogeza mpira mbele. Na bado tulishinda mechi 10! Ni kama timu inayoishi kwa kipa na mabeki. Northwestern tuliwafunga 10-7, Nebraska 13-10. Kisha kwenye fainali ya ligi yetu Michigan wakatupiga 26-0, na siku ya Mwaka Mpya Tennessee 35-0. Mechi mbili, hata pointi moja ya kunusa hakuna.

Huku ukiwa na mpira unapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ukikwama, jaribio la nne unaupiga teke ukaangukie mbali kwa wapinzani. Sisi tulikwama mpaka kipenzi cha mashabiki akawa mpiga teke, Tory Taylor, kijana wa Australia. Msimu ule mateke yake yote kwa jumla yalifika yadi 4,479, rekodi ya vyuo. Fulana zikauzwa zinazosema kupiga teke ndiko kushinda! Ninayo, naivaa nikipika. Aprili Chicago Bears, timu ya kulipwa, wakamchukua, kwa hiyo hata wa kutuokoa kwa teke hatuna tena.

Kocha wa mashambulizi alikuwa Brian Ferentz, mtoto wa kocha mkuu Kirk Ferentz, mzee aliyeishika timu tangu 1999. Damu nzito kuliko maji, wewe unajua. Mwaka jana Brian akawekewa sharti kwenye mkataba: wastani wa pointi 25 kwa mechi. Basi kila Jumamosi sote tukawa wahasibu. Zikaishia 15.4, na Oktoba alikuwa keshaambiwa msimu ukiisha aage. Mimi nilimwonea huruma, maana kufeli hesabu mbele ya baba yako na uwanja mzima si mchezo. Lakini kuondoka ilibidi aondoke.

Aliyekuja ni Tim Lester. Alikuwa kocha mkuu Western Michigan, mwaka jana akawa Green Bay Packers, kwa wakubwa wa kulipwa. Mwenzangu wa zamu anasema tungemtafuta mtu mwenye jina. Jina litatufungia? Mimi nimempendea kitu kimoja: wachezaji wake hawatulii kabla mpira haujaanza. Huyu anakatiza kushoto, yule anarudi nyuma, beki hajui amfuate nani. Wetu walikuwa wanasimama kama wanapigwa picha ya pasipoti.

Wapokeaji wa pasi nao wamepata kocha mpya, Jon Budmayr. Na Cade McNamara, kwotabeki wetu, yaani yule anayegawa mpira, goti lililomtoa Septemba iliyopita wanasema limepona. Goti la mtu silitabirii. Tumaini langu kubwa ni Kaleb Johnson, mkimbiaji. Akifunguliwa njia kidogo tu, utanisikia kelele mpaka huko.

Tunaanza tarehe 31 na Illinois State, wiki inayofuata watani wetu Iowa State. Mimi nimeshapangwa zamu ya mchana siku ya kwanza, nitakuwa madirishani na trei zangu. Yule mtoto wa dripu alishapona akarudi kwao. Siku hiyo ukipiga simu nisipopokea, usidhani nimekununia.

Msalimie sana mama Furaha.

Ni mimi, jirani yako wa Nyarugusu