Barua kwa vijana wangu wa One Piece: kurasa za mazoezi msiziruke

Wadogo zangu na wanangu, hamjambo. Stori hii ya maharamia, One Piece, manga (katuni ya Kijapani) ya Eiichiro Oda, ilianza 1997, wengine hamjazaliwa, kwa hiyo mnivumilie mkubwa wenu nina neno.

Ubishi wenu wa kipi bora, tunda la shetani (ukilila linakupa nguvu za ajabu) au Haki (siyo ya mahakamani, ni nguvu ya nia iliyo ndani ya mtu), naufuatilia na naupenda kweli, ila mnaposema tunda ni bahati tu na Haki ni jasho tu hapo mnateleza. Mwangalieni Luffy, shujaa wetu, akiwa mtoto kule mlimani na ndugu zake wa kuapishana Ace na Sabo, tunda la kuwa mpira keshalila zamani lakini akirusha ngumi yake ya mpira inaenda kombo haimpigi mtu, ilibidi ajifue miaka na miaka hadi anaingia baharini na umri wa miaka 17 ndo ngumi inafika. Na Gear Second, mbinu yake ya kujiongezea kasi na nguvu, tunda halikumpa, aliitafuta mwenyewe baada ya Aokiji, amirali wa jeshi la majini, kumgandisha barafu.

Upande wa pili kuna Haki ya mfalme, ile ya kuwazimisha wenye nia dhaifu. Hiyo hata ujifue vipi kama hukuzaliwa nayo huipati, wanaozaliwa nayo ni mmoja kati ya mamilioni. Luffy aliitoa kwenye vita kuu ya Marineford, makao ya jeshi la majini, bila kujua anafanya nini, baadaye ndo Rayleigh, haramia mkongwe, akamchukua kisiwa cha Rusukaina kumfundisha kuitawala. Sasa jasho tupu hapo liko wapi?

Mimi hata hivyo niko upande wa Haki. Tunda linakunyima bahari, ukitumbukia umekwisha, jiwe la bahari likikugusa unalegea mwili mzima, na hao wakali kina Roger, Garp, Shanks na Zoro hawajala tunda lolote jamani.

Ila nayemtaja kuliko wote ni Koby. Dogo mwoga, wa kutumwatumwa kwenye meli ya haramia Alvida, akaingia jeshi la majini, Garp mkongwe wa jeshi hilo akamkomaza, halafu Marineford Haki yake ya kuhisi inaamka katikati ya vita, anasikia sauti za watu zinazimika moja baada ya nyingine kichwani, anashindwa kuvumilia anaenda kusimama mbele ya amirali Akainu analia anapiga kelele wasimamishe vita. Anatetemeka mwili mzima na hasogei!

Kwa hiyo wewe unayeandika kila siku eti huna kipaji, na wewe unayeruka kurasa za mazoezi na za kina Koby ukimbilie Gear 5, lile umbo la Luffy la baadaye, rudini Marineford mkasome polepole, tena ninyi wawili msome pamoja.