Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, 2024

Ndugu wanachama wa chama chetu cha Wayahudi wenye asili ya kisiwa cha Rhodes, mlioko Lubumbashi, Brussels, Cape Town na kwingineko,

Shalom. Hesabu za fedha atawasomea mhazini. Mimi nitasema tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na ambao hawajalipa wanajijua.

Mwaka huu imetimia miaka 80 tangu Wayahudi wa Rhodes wachukuliwe. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia kwenye matishari hadi Piraeus, bandari ya Ugiriki, wakafungiwa kambi ya Haidari karibu na Athens, kisha wakasafirishwa kwa treni mpaka kambi ya mauaji ya Auschwitz, Poland, walikofika 16 Agosti. Walikuwa zaidi ya 1,600. Waliotoka hai ni kama 150. Wazee wetu walipona kwa sababu walikwisha kuhamia Katanga, Kongo, wengine wakifuata riziki, wengine wakikimbia sheria za kibaguzi za mwaka 1938 za Italia, iliyokuwa ikikitawala kisiwa. Walikuwa wakiuza vitambaa Elisabethville (sasa Lubumbashi) na Jadotville (sasa Likasi) huku mama na dada zao wamebaki kisiwani. Barua zikakoma kufika. Wengi wetu tumelelewa na watu waliosubiri barua hizo, na pengine ndiyo sababu nyumbani hatukusimuliwa mengi.

Kazi iliyotuchukulia muda mwingi ni orodha ya majina. Mnajua desturi yetu: mtoto hupewa jina la babu au bibi angali hai, na binamu zake nao hupewa lilelile. Ni heshima kubwa kwa mzee, lakini kwa mtunza kumbukumbu ni balaa. Familia moja ilituletea akina Salomon wanne, wote wa ukoo mmoja, na miaka yao ya kuzaliwa imekaribiana. Nyuma ya picha nyingine pameandikwa “Rebecca na mtoto, 1936”, basi. Rebecca yupi? Kamati ilibishana wiki kadhaa, mpaka bibi mmoja wa Brussels alipoitazama, akampita yule mama, akaonyesha kiti alichokalia: kiti cha shangazi yake, chenye mguu uliofungwa waya. Hapo tukaijua nyumba, na kwa nyumba tukamjua mtu.

Kwenye meldado ya Julai, kisomo chetu cha marehemu, majina yalisomwa na vijana. Baadhi ya wazee hawakupenda, kwa hoja kwamba watoto hawa hawajui Ladino, Kihispania cha Kiyahudi cha wazee wetu, na wanayavuruga majina ya watu. Ni kweli waliyavuruga. Lakini nilisema kikaoni na narudia hapa: mzee anayesoma vizuri na hana wa kumpokea atatuacha na karatasi. Mwakani watafanya mazoezi mapema, na wazee waliolalamika ndio watakaowafundisha. Wameshakubali, mmoja kwa shingo upande. Chakula hakikuleta ubishi wowote: boreka, vile vitafunwa vyetu vya unga vyenye kujazwa ndani, ziliisha kabla ya Kadishi ya mwisho, sala ya kuwakumbuka wafu, na mayai yaliyopikwa usiku kucha kwa maganda ya vitunguu yalibaki mawili.

Lubumbashi, wenzetu wachache waliobaki wameendelea kuyatunza makaburi na sinagogi la mwaka 1930, ambalo Rabi Moïse Levy, mzaliwa wa Rhodes, alilihudumia kuanzia 1937 hadi 1991. Hawa hatuwashukuru vya kutosha. Sisi tulio mbali huja mara moja, tukapiga picha, tukalalamikia majani. Kamati inapendekeza mlinzi wa makaburi alipwe kila mwezi kutoka mfuko wa chama badala ya kungoja mchango wa msafiri mwema. Mtalipigia kura leo.

Nafasi ya katibu iko wazi. Ningependa ichukuliwe na mtu aliye chini ya miaka arobaini.

Mwisho, picha. Zimeanza kuja kwa wingi kwa simu, nyingi bila maelezo. Tafadhali kabla hamjatuma, kaeni na mzee aliye karibu nanyi, muulizeni nani ni nani kutoka kushoto kwenda kulia, na mwandike jina la baba wa kila mmoja. Mwisho wa kupokea ni Pasaka.