Belbase isisahauliwe

Mhariri,

Tunapobishana kuhusu mikataba ya bandari, mbona Belbase, yale maeneo ya bandari waliyopewa Wabelgiji, haitajwi? Machi 15, 1921 Uingereza iliikodishia Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, milele, kwa faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Wabelgiji walihitaji njia ya kufika baharini kwa mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi. Wenye ardhi hawakuulizwa.

Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikataa kuurithi mkataba huo. Uingereza yenyewe ilikuwa Tanganyika kwa dhamana ya muda tu, alisema, sasa ingewezaje kugawa ardhi yetu milele? Hoja nzito hiyo, na naona uchungu vijana wetu kutoijua. Walimu wa historia, tafadhali ifundisheni.

Msomaji,
Dar es Salaam