Kubanduliwa si kufungwa

Mhariri, tangu Naibu Rais Rigathi Gachagua atimuliwe na Seneti Oktoba 2024 ubishi hauishi huku mtaani, huyu anasema kama kweli aliiba mbona hayuko jela ya Kamiti, yule anajibu ati maseneta walishamhukumu kwa hivyo kesi imekwisha. Wote wamechanganya mafaili.

Seneti si korti ya jinai jameni. Swali lake ni moja tu, huyu mtu aendelee na kazi ama aende, na jibu linatafutwa kwa kura, thuluthi mbili ya maseneta wakikubali umeenda. Hakuna jela pale, hata faini ya shilingi mia hakuna. Na angalia kura zenyewe: mashtaka yalikuwa 11 wakakubali 5. Lile la mali na kutakatisha pesa, ambalo ndilo lilipigiwa kelele, lilianguka! La matamshi ya ukabila likapita, na hata hapo katiba haiwadai maseneta wathibitishe kosa, inataka tu sababu nzito za kuamini limetendwa. Nenda kortini na hizo sababu nzito zako uone, hakimu anataka ushahidi usioacha shaka, mashahidi wahojiwe na mawakili, kitu kidogo kikipwaya mshtakiwa huyo anaenda zake nyumbani.

Waititu alitolewa ugavana Kiambu Januari 2020, Seneti ikamaliza naye kwa siku mbili. Korti ilimpata na hatia Februari 2025, miaka mitano baadaye, miaka 12 jela ama faini ya zaidi ya milioni 50 kwa tenda ya barabara ya milioni 588. Sonko, gavana wa Nairobi, naye alibanduliwa Desemba 2020, halafu Desemba 2022 hakimu akamwachilia kwenye kesi moja ya ufisadi na bado kiti hakurudishiwa, maana Mahakama ya Juu ilikuwa imeshasema Julai mwaka huo kwamba kutolewa kwake kulikuwa halali.

Kinachoniudhi mimi ni hawa wabunge wetu. Rais ana kinga, hashtakiwi kwa jinai akiwa ofisini, lakini naibu wake hana, kwa hivyo mwenye ushahidi wa wizi angeupeleka EACC, tume ya kupambana na ufisadi, siku yoyote, hata kabla wakubwa hawajakosana. Mbona faili linafunguka urafiki ukiisha? Hoja ile ya kumtimua Gachagua ilitaja mali ya bilioni 5.2, sasa walioiandika wapeleke hizo karatasi kwa wapelelezi, ama watuambie walizileta bungeni za nini.

Msomaji wenu, Thika